Malalamiko Dhidi ya Bakuli la Bi Mwantumu

Godfrey Hiza,
Masuguru, Korogwe.

Kwa Mwenyekiti wa Mtaa.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUSUMBULIWA NA BAKULI LA JIRANI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika, tena kimenishinda.

Tangu mke wangu Filomena afariki, nimeishi kwa chai na mkate bila kumkera mtu. Sufuria yangu ilikuwa moja, na hiyo nayo ilikuwa imestaafu. Amani hiyo imevunjwa na Bi Mwantumu, mama wa Kizigua aliyehamia nyumba ya upande wa pili wa ua wetu wa minyaa. Makosa yake ni haya:

1. Aliniletea bakuli la bati lenye maua, ndani yake bada, ule ugali wao wa muhogo, na mchunga wa nazi. Sikuomba. Mimi ni Mshambaa wa Dindira. Kwetu mboga chungu namna ile anapewa mwenye minyoo. Nilikula lote ili niwe na uhakika wa malalamiko yangu, na bakuli nikalifuta kwa kidole kwa sababu hiyo hiyo.

2. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba bakuli la jirani halirudishwi tupu. Ni desturi ya watu wasio na kazi, lakini ndiyo desturi. Nikalirudisha na mkate. Kesho yake likaja limejaa hadi juu, majani ya maboga kwa karanga. Mtu mwenye adabu angenitukana tu yakaisha.

3. Basi nikalazimika kupika makande. Mtumishi wa umma mstaafu, mwenye cheti cha utumishi bora ukutani, napuliza kuni huku kamasi zinanitoka! Naye akanitumia salamu kupitia kwa Simeo, muuza nyanya, kwamba maharage yangu ni magumu, niwe nayaloweka kwanza. Nikayaloweka. Si kwa kumtii, bali kumwonyesha kwamba ushauri wake hauna maana. Yakaiva vizuri sana, jambo ambalo sijamsamehe. Siku hizi sokoni naminya nyanya moja moja kama bi harusi, na Simeo ananiuliza habari za jikoni mbele za watu.

4. Anayeleta bakuli huangalia uwanja, kwa hiyo nafagia. Huangalia na uso, kwa hiyo nanyoa ndevu. Halafu husimama pale kwenye minyaa akiuliza kama nimelala salama na kama goti limepoa, mpaka taarifa ya habari ya redio inanipita. Nchi imefikia wapi sijui. Najua tu kwamba mbuzi wake amezaa.

5. Suruali nilizostaafu nazo hazifungi.

Kwa hayo, naomba ofisi yako ichukue hatua. Kwanza, kila anayetaka kumpa jirani chakula aombe kibali kwa maandishi. Pili, bakuli hilo, ambalo kwa sasa liko kwangu, mgambo aje kulichukua na lifungiwe ofisini kwako kama kidhibiti. Tatu, Bi Mwantumu akikaidi na kutumia bakuli jingine, maana namjua, mtaa umwamuru ahame.

Nisalimie mama watoto, wajumbe wote, na mgambo mwenyewe. Bi Mwantumu asisalimiwe.

Wako katika ujenzi wa taifa, na sasa hata katika kuosha vyombo,

Godfrey Hiza

Nyongeza: Nilipokuwa natafuta bahasha, Simeo amepita na kusema kwamba Bi Mwantumu anafunga mizigo. Binti yake Zamda anamtaka akaishi naye Handeni. Ombi la tatu lifute kabisa, na hayo mengine yachukulie kuwa ni porojo za mzee. Akiondoka, sijui nitampikia nani. Ila namjua: kuhama akaacha bakuli lake kwa jirani hawezi, na kuja kulidai likiwa tupu ataona aibu. Kwa hiyo mgambo asije. Maharage nimeshayaloweka. Moto sijawasha, na sina haraka ya kuuwasha.