Sangara Wanne wa Lambo la Kagongwa

Jumamosi, 3 Juni 1989
Wamefika! Sangara wanne, wazima, ndani ya pipa. Nungwe, kule ziwani, nilipakia ishirini. Kumi na sita wamekufa njiani, sijui kwa nini, maji yalikuwepo. Dereva wa lori aliniuliza wanakula nini. Nikamwambia maji. Akacheka mpaka tukapita Geita, kisha akasema hao wanakula samaki wenzao. Nikajua anataka nimwachie mmoja.

Mimi Fikirini, fundi cherehani, sijawahi kumiliki hata ng'ombe mmoja. Kagongwa nzima wana mifugo, mimi nina cherehani. Basi yamekwisha! Nimewamwaga kwenye lambo la kijiji. Malisho ya bure, mchungaji hahitajiki. Septemba lambo likipungua, watu wote wataingia na vikapu kuvua kama kila mwaka. Wao watapata furu, visamaki vya kidole. Mimi nitatoa ndama.

Jumapili, 4 Juni
Nimesahau kuwatia alama! Nimeshinda lamboni na wavu wa kuazima mpaka nikawapata wote. Ng'ombe hukatwa sikio. Samaki hana sikio, nikakata mkia, pembe tatu, kwa mkasi wa kazi. Mmoja kaning'ata kidole. Samaki wa kawaida ana meno ya nini?

Jioni nikaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bujiku, kuandikisha alama yangu kama wafugaji wengine. Akauliza mifugo iko wapi. Nikasema inakunywa maji. Akaandika.

Jumapili, 25 Juni
Mke wangu Mwahija anakaanga furu na kuwauzia abiria wa malori, pamoja na michembe, viazi vitamu vya kukausha. Kwa kweli ndiye anayelisha nyumba hii, maana kushona kumelala. Furu analetewa na Clemens, mtu wa Ushirombo, mwenye migono yake, mitego ya fito, lamboni. Clemens mpole. Clemens hachelewi. Clemens hana maneno mengi. Nimechoka kusikia habari za Clemens.

Leo kaleta nusu kikapu. Akasema furu wamepungua, haelewi. Mwahija akampa pole. Mimi nikiishiwa uzi sipewi pole.

Ijumaa, 21 Julai
Clemens kaleta furu kumi na mmoja. Kumi na mmoja! Mwahija kakaa mbele ya karai la mafuta ya moto hana cha kutia. Abiria wamekula michembe mikavu na kulalamika. Nimekwenda kutazama lambo. Maji yapo. Sangara mmoja kapita karibu, mnene, unene wa paja la mtoto. Nimefurahi sana. Lakini furu wamekwenda wapi? Nimekaa ukingoni saa nzima nikifikiri. Mifugo yangu inastawi katika lambo lile lile ambalo furu wanaisha. Kwa hiyo maji hayana ubaya. Kwa hiyo ni mwizi. Na mwenye migono ni nani?

Alhamisi, 10 Agosti
Nimemshtaki Clemens kwa balozi. Nimesema anavua kwa siri na kupeleka sokoni Tinde. Kikao kimekaa. Clemens kasimama, kavua kofia, kasema migono yake inatoka mitupu na yeye mwenyewe nyumbani wanakula mlenda tu. Nikauliza, kama si yeye, ni nani? Hoja nzito ile!

Wamemnyang'anya migono. Akaondoka bila kugomba. Nilidhani nitafurahi. Sikufurahi kama nilivyopanga.

Jumamosi, 12 Agosti
Clemens karudi kwao Ushirombo na mkewe na watoto. Mwahija hasemi na mimi. Nikimuuliza chakula kiko wapi, ananionyesha karai. Mafuta yameganda.

Jumamosi, 9 Septemba
Siku ya kuvua. Sijui nianzie wapi.

Wanawake waliingia na vikapu, maji ya magotini, wakaimba, wakazungusha. Patupu. Wakazungusha tena. Patupu. Kuimba kukaisha. Bibi mmoja, Mbuke, akapiga yowe kwamba kakanyaga gogo na gogo limekimbia. Wanaume wakaingia na mapanga. Wakatolewa wangu watatu. Wa nne hakuonekana. Nilikuwa karibu kulia kwa fahari! Nikapiga kelele kwamba ni mifugo yangu, watazame mkia.

Mzee Bujiku akatazama mkia. Akafungua daftari lake, akatazama tena mkia. Kisha akaagiza wapasuliwe. Matumbo yamejaa furu! Katika tumbo la yule mkubwa mlikuwa na mkia mwingine wenye pembe tatu.

Watu wote wakanigeukia. Nikasema maneno yaliyonijia kwanza: nani kawalisha mifugo yangu furu? Nikasema huenda ni Clemens, kabla hajaondoka, kwa chuki. Mwahija akaokota kikapu chake kitupu akaondoka peke yake.

Bujiku akaniita ng'wanawane, mwanangu, kwa upole, na huo upole umeniuma kuliko matusi. Akasema nyama ni ya kijiji. Mimi nitarudisha furu lamboni, halafu nitakwenda Ushirombo kumwomba Clemens radhi.

Jumanne, 12 Septemba
Mwahija kaenda kwa dada yake Tinde. Kaacha ujumbe kwa jirani: nimwite siku lambo likiwa na furu. Nimelala njaa na nimemkumbuka mno. Bado sielewi. Ng'ombe hali ng'ombe.

Jumapili, 1 Oktoba
Nimetoka Nungwe. Nilitaka furu wa kupanda. Wavuvi wakasema hata wao hawawaoni tena, wameisha ziwani! Nani kaiba ziwa zima? Clemens hawezi kuwa na migono mingi kiasi hicho.

Lakini sikurudi mikono mitupu. Kulikuwa na mmea unaoelea, majani ya kijani yanang'aa, ua la zambarau zuri ajabu. Mvuvi alisema ni mgeni, hajui umetoka wapi. Nikautia kwenye ndoo. Haukufa njiani! Nimeshuka Tinde moja kwa moja, nikampa Mwahija. Kaligeuzageuza ua. Akasema, Fikirini, angalau hili halina meno. Akafunga mizigo yake.

Jumamosi, 28 Oktoba
Mwahija yupo nyumbani, anakaanga mihogo. Ua tuliliweka lamboni, kwenye maji yaliyobaki. Moja tu. Leo nimekuta saba! Hayali samaki, hayang'ati, hayahitaji kuchungwa. Hatimaye nimepata kitu kisichoweza kuleta balaa. Mzee Bujiku katazama, kasema yanapendeza.

Kesho nakwenda Ushirombo kumwomba Clemens radhi. Nimemchagulia matatu makubwa. Wanasema bwawa la kwao ni kubwa mara kumi ya letu.