Mtu Wetu wa Beisi ya Kwanza

Jumatatu, 7 Julai

Sangara, timu ya besiboli ya mji wetu, wamefungwa tena. Timu yetu sasa ni wodi. Mrushaji mkuu, kiwiko. Mdakaji, kidole. Yule wa katikati ya uwanja aligongana na ukuta akikimbilia mpira, na ukuta ndio ulioshinda. Halafu jana, kana kwamba hayo hayatoshi, Anselmo wetu.

Nasema wetu kwa sababu anaishi kwangu. Timu ndogo ya besiboli kama hii ya Mill Harbor haiwezi kuwaweka wachezaji hotelini, kwa hiyo watu wa mji huwapokea majumbani msimu mzima. Mimi na mke wangu Lorraine tumempa Anselmo Rijo chumba cha chini, chenye bafu lake na televisheni yake. Katoka Jamhuri ya Dominika. Mrefu kama mlango. Anasimama beisi ya kwanza, kituo cha kwanza cha mkimbiaji, na akiupata mpira sawasawa kwa gongo unavuka uzio na kwenda kupasua vioo vya magari. Tangu Mei, nikiingia kanisani watu huniuliza habari za mwanangu. Nimefanya kazi kiwanda cha karatasi mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari za chochote.

Jana alikuwa akikimbilia beisi, akashika paja kwa nyuma, akaanguka kama mti. Daktari wa timu, mama mmoja mkavu, anasema msuli umechanika kidogo. Apumzike wiki mbili au zaidi. Nikamwuliza kama hiyo “au zaidi” ni ya lazima. Akaniuliza mimi ni nani.

Sasa Anselmo amelala chini na mfuko wa njegere zilizoganda pajani. Njegere za Lorraine. Chakula cha jioni kilikuwa hakina njegere.

Baya zaidi: mbadala wake ameshafika kwa basi kutoka Nebraska. Anaitwa Brock Tillery. Na aliyempokea ni Orrin Haugen, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye hadi juzi alikuwa hajui timu ina wachezaji wangapi.

Jumatano, 9 Julai

Jana Sangara walishinda. Sikufurahi inavyopaswa. Raundi ya mwisho, Tillery akaupiga mpira mpaka kona ya mbali, wakimbiaji wawili wakaingia na alama za ushindi. Uwanja mzima ukasimama. Nami nilisimama, lakini kwa sababu aliye mbele yangu alikuwa amenikinga.

Leo asubuhi Orrin alikuwa mgahawani, amezungukwa. Anaeleza. “Tulisubiri mpira wa chini,” anasema, “tukaupata.” Tulisubiri! Nikamwuliza yeye aliusubiri na gongo gani. Akanitazama kwa huruma, kahawa mkononi.

“Vern,” akasema, “wivu hauponyi paja.”

Watu walicheka. Nilirudi nyumbani na sentensi hiyo kama mwiba kooni. Kisha nikakumbuka kwamba kipo kinachoponya paja. Marehemu baba alikuwa na farasi wa kukokota magogo, na farasi akiumia msuli alichuliwa dawa fulani, kesho yake yuko kazini. Duka la wakulima bado wanaiuza. Chupa ina picha ya farasi anayeruka juu ya uzio. Nikaona hiyo ndiyo dalili.

Maandishi yanasema ichanganywe na maji kwanza. Niliyasoma baadaye.

Anselmo alivumilia kwa adabu. Halafu macho yakamtoka. “Mzee Vern,” akasema taratibu, “nakushukuru sana. Lakini nahisi kama nimekalia jiko.”

Lorraine akamtumbukiza kwenye maji baridi. Mimi akanitoa nje, nikakae na mbwa. Jioni paja lilikuwa na malengelenge. Daktari wa timu akaja kuangalia, nikamwambia ni jua. Akauliza ni jua la wapi linalochoma nyuma ya paja na kuacha alama za vidole.

Mapumziko yameongezwa.

Ijumaa, 11 Julai

Tumeshinda tena. Timu ya vilema, na inashinda. Mdakaji anadaka na kidole kilichofungwa gango, mrushaji wa akiba ni mwalimu wa hesabu, na bado. Nimeipenda timu hii tangu nilipokuwa na nywele. Sasa kila ikishinda, mimi nashuka kidogo.

Asubuhi kocha alikuwa redioni. Kasema Anselmo akipona, timu itabaki na mtu mmoja tu wa beisi ya kwanza. Mwingine atapanda basi. Tulikuwa jikoni sote watatu, Anselmo anamsaidia Lorraine kumenya viazi. Hakuacha kumenya. Baadaye kidogo akasema mama yake amewaambia majirani wote kwamba mwanawe atarudi Oktoba, msimu ukiisha. Oktoba ni heshima. Anayerudi Julai watu hawamwulizi kwa nini, wanajua.

Nikampa kiazi kingine.

Lakini kichwa kilikuwa kinafanya kazi. Mchana wote nimekaa gereji nikifikiri, na jibu ni jepesi hata naona aibu kwamba limechelewa. Mmoja ataondoka, mmoja atabaki. Sijui yupi. Basi wote wawili wakae kwangu. Atakayebaki, yeyote awaye, atakuwa wangu.

Jumamosi, 12 Julai

Orrin ametualika yeye mwenyewe, nyama uani kwake. Soseji zilizochemshwa kwa bia, mahindi ya kuchoma. Anataka tumwone akiwa na mchezaji wake. Sawa. Nilikwenda nikiwa na nia yangu.

Tillery ni kijana mkubwa, mpole, anayemwita kila mtu bwana. Alimwita mbwa bwana. Nilimkuta peke yake penye mahindi, nikamwuliza analalaje. Akasema vizuri, bwana, ila miguu inaning'inia nje, kitanda kilikuwa cha binti wa Orrin alipokuwa shule ya msingi. Niliisikitikia ile miguu kwa dhati. Nikamweleza habari za chumba cha chini kwangu: bafu lake, televisheni yake, kitanda kirefu.

Akauliza, si ndipo anapokaa Anselmo?

Nikasema hilo litapangwa.

Na limepangwa. Anselmo atahamia juu, chumba cha cherehani. Lorraine bado hajui kwamba chumba chake cha cherehani ni chumba cha Anselmo. Anselmo naye hajui. Kila mtu ataambiwa kwa wakati wake. Haraka ndiyo huharibu mambo.

Tillery alisema atafikiria, bwana. Nilirudi nyumbani mwepesi kama karatasi.

Jumanne, 15 Julai

Naandika kwa shida.

Nilikwenda kubadilisha oili ya gari. Nikiwa huko, Tillery akaja kunijibu. Mtu mwingine angepiga simu. Mtu mwingine angenyamaza. Huyu ni mwaminifu hadi kero. Akabisha hodi, akafungua Anselmo, amejiegemeza kwenye gongo lake la kutembelea. Tillery akamwambia amekuja kukataa, hawezi kuchukua kitanda cha mwenzake aliyeumia. Anselmo akauliza, kitanda kipi?

Basi ikatoka yote, hapo hapo kizingitini, kati ya vijana wawili wenye adabu kuliko wote katika Wisconsin.

Niliporudi, chumba cha chini kilikuwa kimefagiliwa. Mashuka yamekunjwa. Begi liko mlangoni.

“Mzee Vern,” Anselmo akasema, “ile dawa ya farasi nilikusamehe siku ileile. Ulitaka nipone. Lakini hili umelifanya nikiwa nimelala chini ya sakafu yako, nakula kwenye meza yako.”

Nikasema hajauelewa mpango. Akasema ameuelewa.

Tillery akabeba begi. Wakavuka barabara pamoja, mmoja anachechemea, mwingine amepunguza hatua ili asimwache. Kwenda kwa nani? Kwa Orrin, ambaye bado ana chumba cha pili. Orrin alikuwa barazani, ameona kila kitu. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Lorraine akaniuliza ni nini habari hii ya chumba cha cherehani. Nikasema kweli yote. Akaingia humo, akafunga mlango, akashona mpaka saa ya chakula cha jioni ikapita. Chakula hakikuwepo.

Jumamosi, 19 Julai

Orrin ana wawili, mimi nina njegere.

Jioni wanakaa barazani kucheza karata. Anselmo anamfundisha Tillery matusi ya Kihispania, Tillery anayatamka kama sala. Lorraine anapita na keki ya cheri mikononi, anavuka barabara bila kuniangalia. Mimi nipo nyuma ya pazia. Alhamisi tulipigwa vibaya, jana tukapigwa tena, na wala sikupata raha niliyoitarajia. Kanisani Jumapili iliyopita watu walimwuliza Orrin. Kesho watamwuliza tena, mara mbili.

Leo alasiri nilivuka. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu, mengine ya busara kabisa. Nilipofika ngazini yakapotea. Goti liliniuma. Nikasema mbele yao wote kwamba nilikosa. Kwamba nilitaka watu waendelee kuniuliza habari za mwanangu, nikafanya kitu ambacho mtu hamfanyii mwanawe. Basi.

Anselmo aliangalia karata zake kwa muda. Orrin akaangalia viatu vyake. Tillery alitaka kuniletea kiti, Orrin akamzuia kwa mkono, si kwa ubaya, ni kwamba haukuwa wakati wa viti.

“Ngoja nimalize mchezo huu,” Anselmo akasema.

Akaumaliza. Alishinda, nadhani hilo lilisaidia. Jua lilipoanza kushuka akaja na begi lake, Lorraine akamfungulia kabla hajabisha. Ana sharti moja.

“Hakuna mipango, Mzee Vern. Hata midogo.”

Nimeapa. Lorraine ameshuhudia. Tumekula viazi.

Jumapili, 20 Julai

Mechi ya mchana. Raundi ya nne, Tillery akajinyoosha kuudaka mpira uliorushwa vibaya, mguu mmoja kwenye beisi, mwingine ukateleza mbele. Kinena. Tulimsikia mpaka safu za juu.

Sitaficha humu. Moyo wangu uliruka, na haukuruka kwa huzuni. Kisha nikamwona Anselmo. Haruhusiwi kukimbia, na alikimbia. Paja lile lile, bovu, lenye alama za vidole vyangu. Alifika kabla ya daktari, akapiga magoti, akamshika Tillery kichwa, akimwambia kitu. Wakatoka wawili hao wameshikana. Nikakaa chini. Nikatamani aliye mbele yangu anikinge vizuri zaidi.

Tulishinda. Mdakaji mwenye kidole kibovu alisogea akasimama beisi ya kwanza, hajui afanye nini pale, na mpira wa mwisho ukamwingia kwenye glavu kwa bahati tu. Watu walishangilia kwa sauti ya watu waliochoka.

Kocha ameamua. Anselmo anabaki. Tillery anarudi Nebraska kutibiwa. Anselmo aliomba pasi, akavuka barabara, akampigia mwenzake shati pasi ili asipande basi akiwa na makunyanzi.

Jioni nilimpelekea Orrin bia. Tukakaa barazani kwake. Tillery alikuwa ameshaondoka.

“Nyumba imekuwa kubwa,” Orrin akasema.

Nikasema najua, mwenzangu.

Akanipa habari: kesho asubuhi linakuja basi na mrushaji mpya, wa mkono wa kushoto, timu bado inamtafutia pa kukaa. Lakini yeye hapana. Unamzoea mtu, unajua anavyopenda mayai yake, halafu anachukuliwa. Moyo wake hauwezi tena. Nikamwambia nami nina mmoja, ananitosha, na nimeapa. Akasema umri huu ni wa kupumzika. Nikasema kabisa. Tukapeana mikono. Kwa kweli, sikumbuki jioni nzuri kama hii msimu huu wote.

Jumatatu, 21 Julai

Nimemwambia Lorraine nakwenda kununua maziwa. Akafungua friji, akayatazama maziwa, akanitazama mimi.

Naandika haya stendi, kwenye benchi la mwisho. Basi halijafika. Orrin amenitangulia. Kavaa tai. Kashika bango lenye jina la mrushaji, na jina kalikosea. Hatujasalimiana.

Bango langu ni kubwa kuliko lake, na nimelichorea samaki.