Mtaalamu wa Mionzi ya Mchanga

Redio ya kinyozi ilikuwa ikieleza kwamba mchanga wa mto una mionzi ya asili, kama ilivyo kwa mawe na udongo wote, tena kwa kawaida ni kidogo mno, haimdhuru mtu. Mdomo Asali, tapeli wa siku nyingi aliyekuwa akinyolewa, alisikia mpaka neno "mionzi" tu. Akaruka kitini na ndevu za upande mmoja, maana ng'ambo ya barabara mama mmoja mwenye ghorofa lisiloisha alikuwa ameshushiwa mchanga mpya, msafi, rundo la kutia tamaa.

Alasiri akarudi na koti jeupe na redio mbovu iliyozungushiwa nyaya. Akaielekeza kwenye rundo. Krrr! Krrr!

"Mama, huu una mionzi. Ukiujengea, kuta zitawatafuna mkiwa mmelala."

"Maskini mimi! Basi usiseme kwa sauti, mwanangu. Wifi yangu naye anajenga, nitamuuzia yeye."

Mdomo Asali alisikitika sana kukuta bado kuna watu wasio waaminifu. "Haifai, mama. Lazima nikauzike mbali. Lori nitaleta mwenyewe."

Lori likaja. Dereva, kibonge wa maneno machache, aliposikia habari ya mionzi akagoma kushika koleo. "Mtaalamu si wewe? Pakia."

Mtaalamu akapakia peke yake, jasho likimchuruzika, mtaa mzima ukimtazama kwa mbali na kumwombea dua. Alipomaliza akashika mlango wa lori.

"Toa mkono!" dereva akafoka. "Umeoga mionzi, halafu ukae na mimi? Nina watoto, bwana. Nitakwenda kuuzika mwenyewe." Akakanyaga mafuta. Kwenye kona akatoa kichwa dirishani, akamkonyeza.

"Mwizi! Ameniibia mchanga!"

"Mchanga gani tena, mwanangu?" Mama alikuwa nyuma yake na ndoo ya maji. Majirani wamebeba sabuni na brashi za kusugulia sakafu. "Umejitoa mhanga kwa ajili yetu. Vua koti tukuoshe."

"Mama, mchanga ule hauna neno! Ni kama mchanga mwingine wowote! Nilikuwa nakutapeli!"

Miaka yote ya kazi yake hakuwahi kusema kweli tupu namna ile, tena kwa machozi.

Mama akatikisa kichwa kwa huruma. "Mionzi imeshampanda kichwani. Mshikeni miguu."

Wakaanza na masikio.