Nzi wa Shingo la Jenerali

Jumatatu, 11 Februari
Mvua. Wiki ya tatu sasa mto wetu umejaa stilhedi, wale trauti wakubwa wanaorudi kutoka baharini, na mimi, Vernon Tveit, sijapata hata mmoja. Waldo Prentiss amepata watano. Leo kwenye chama chetu cha wavuvi akanionea huruma mbele ya watu, akanipa nzi wake mmoja wa ndoana, chambo cha manyoya na uzi kinachoigiza mdudu. Huruma! Nikamrudishia. Nikasema Jumamosi nitavua kwa nzi niliyemfunga mwenyewe, nikikosa najitoa chamani. Katibu akaandika. Tangu kiwanda cha mbao kifungwe sina pengine pa kwenda. Kwa nini aliandika?

Jumanne, 12 Februari
Nzi mzuri anataka manyoya marefu ya shingo la jogoo. Ya dukani yamesinyaa. Jirani yetu, Bi Thelma Quist, anaye Jenerali, jogoo wa rangi ya shaba anayeandaliwa kwa maonyesho ya mwezi ujao. Saa nane mchana Bi Quist alikwenda kanisani kupanga maua. Nikaingia bandani. Nilikusudia manyoya sita. Jenerali hakukubali. Nilitoka na mfuko mzima na kidole kinachovuja damu. Shingo lake sikugeuka kulitazama.

Jumatano, 13 Februari
Siku nzima mezani. Ndoana kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani. Uzi mweusi, kisha sufi, kisha uzi wa fedha, mwisho unyoya wenyewe, mizunguko minne, polepole. Uzi ulikatika mara tatu. Mara ya nne nilipiga chafya. Wa saba ndiye. Nilimtia kwenye bilauri ya maji, manyoya yakafunguka na kufumba kama yanapumua. Mke wangu Dagny akauliza yametoka wapi. Nimeagiza, nikasema. Akatazama kidole changu, akarudi jikoni.

Alhamisi, 14 Februari
Bi Quist alikuja, macho mekundu. Jenerali hali, hawiki. Alisema aliyefanya hivi ni mvuvi, na hapa hakuna anayefunga nzi wengi kama Waldo. Hapo ndipo nilipaswa kusema. Badala yake nikasikia sauti yangu ikisema kwamba kweli, Waldo anapenda sana manyoya. Nikamalizia kahawa yangu.

Ijumaa, 15 Februari
Waldo ameitwa mwizi wa kuku pale dukani, watu wanasikia. Aliacha mkate wake kaunta akatoka. Sikulala mchana.

Jumamosi, 16 Februari
Chama kizima ukingoni. Bi Quist naye, na chupa ya kahawa. Waldo alisimama peke yake. Saa tano nzi wangu alipita nyuma ya jiwe kubwa, na mshipi ukakazwa ghafla. Stilhedi! Akaruka mara mbili, akanivuta hadi maji ya kiuno. Miguu ikateleza. Hakuna aliyesogea ila Waldo. Aliingia mtoni na nguo zake, akanishika mkanda kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamdaka samaki kwa wavu. Kisha akamtoa ndoana mdomoni, akamwachia aende zake.

Nzi akabaki kiganjani mwake. Akaugeuza unyoya wa rangi ya shaba kwenye mwanga.

“Umemfunga vizuri, Vernon,” alisema taratibu. “Sasa mpelekee Bi Quist mwenyewe.”

Hatua kumi na mbili hadi ukingoni. Bi Quist akavaa miwani.

“Huyu ni Jenerali wangu,” alisema. “Na ulikunywa kahawa nyumbani kwako ukinitazama hivihivi.”

Nikamwomba Waldo radhi mbele ya wote. Nililia, na si kwa hila. Chama kimeniacha nibaki, kwa kuwa samaki nilimpata. Adhabu ni ya Bi Quist: kusafisha banda lake kila asubuhi hadi manyoya yaote.

Jumapili, 17 Februari
Nimeamka mtu mpya. Nimefagia banda, nimebadilisha majani. Bi Quist alilainika, akanikabidhi ufunguo. Kosa langu nimeliona wazi: nilinyonyoa shingoni, mahali panapoonekana. Kule nyuma ya banda kuna batamzinga. Mkia mpana, manyoya mengi mno kwa ndege mmoja, na hapelekwi maonyesho yoyote.