Waraka Namba Saba Kuhusu Waliovuka Mlima

Wananchi wa pande zote mbili za mlima walitangaziwa kwamba handaki la barabara kuu limefungwa kwa manufaa yao. Ukaguzi wa usalama ungeanza mara tu utakapokamilika ukaguzi wa usalama wa wakaguzi. Kwa sasa, ulisema Waraka Namba Saba, mtu yeyote atakayevuka mlima kwa njia isiyotambulika atahesabiwa kuwa bado yuko upande alikotoka.

Mkurugenzi wa Handaki aliuandika waraka huo mwenyewe, na aliupenda. Kuuzunguka mlima kwa gari kulichukua siku mbili. Madereva wa pikipiki walikuwa wamepata njia nyingine, ya dakika arobaini, wiki ileile handaki lilipofungwa. Lakini kupata njia ni kazi ya ofisi, na ofisi ilikuwa bado haijaanza kutafuta. Wengine wangeweka askari na vizuizi. Mkurugenzi alitumia kalamu. Watu wakawa wanavuka, na hawavuki, na takwimu zikatulia.

Jumanne aliingia ofisini mwake mwanamke mwenye kofia ngumu kwapani na tope hadi magotini. Alikuwa dereva wa pikipiki, na barabarani walimwita Mama Gia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mkurugenzi alilitazama zulia lake.

"Binti yangu anasoma ng'ambo ya mlima. Namvusha kila asubuhi, anakaa dawati la mbele, mwalimu anamwona. Siku kumi na moja sasa anaandikwa hayupo. Ijumaa saa nane mchana ana mtihani wa mwisho, na mwalimu mkuu kasema mtoto asiyekuwepo hawezi kufanya mtihani."

"Mwalimu mkuu yuko sahihi."

"Juzi mtoto huyohuyo asiyekuwepo kaadhibiwa kwa kupiga kelele darasani."

"Kimwili inawezekana," alisema Mkurugenzi kwa upole. "Mimi nashughulika na utambuzi."

"Basi itambue njia."

"Mama, njia haitambuliwi kama shangazi uliyekutana naye sokoni. Inahitaji kamati."

"Kamati iko wapi nikaione?"

"Hukutana ng'ambo. Wajumbe wote wako huku. Wanasubiri handaki lifunguliwe."

Mama Gia alimtazama kama anavyotazama plagi iliyokufa. "Haya," alisema. "Asante kwa muda wako."

Alipotoka, Mkurugenzi aliita mhudumu aje kupangusa zulia.

Ijumaa saa nne kasoro robo asubuhi simu ililia. Kikao cha kumteua Kamishna wa Milima Yote kingefanyika ng'ambo, leo, saa saba, na asiyehudhuria hatafikiriwa. Mkurugenzi alikuwa amekisubiri cheo hicho miaka tisa. Suti ilikwishashonwa. Alichungulia dirishani. Kijiweni palikuwa na pikipiki moja tu, na Mama Gia alikuwa anapangusa vioo vyake. Alikwishamvusha binti yake alfajiri, akae mlangoni pa chumba cha mtihani, lolote liwalo.

"Nipeleke ng'ambo," alisema Mkurugenzi.

"Kwa njia ipi, mzee? Inayotambulika siijui."

"Tusipotezeane muda."

"Panda. Shika chuma cha nyuma, usinishike mimi."

Njia ilianzia nyuma ya machimbo ya kokoto, ikapanda kwa gia ya kwanza katikati ya misonobari, ikavuka kijito juu ya mbao tatu. Kwenye kona kali abiria hushuka na kusukuma. Mkurugenzi alishuka, akasukuma, akazamisha topeni kiatu cha kuteuliwa nacho. Juu kabisa kulikuwa na kibao kilichoandikwa kwa mkono: PIGA HONI, MBUZI. Mkurugenzi aliona kwamba ilikuwa njia nzuri sana, na akasikitika kwamba haipo.

Saa tano kasoro robo walikuwa mapokezi ya jengo la kikao. Karani wa hapo alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kamba. Nyuma yake, ndani ya plastiki safi, ulibandikwa Waraka Namba Saba.

"Karibu, mheshimiwa. Umekuja kwa njia gani?"

"Kwa pikipiki."

Karani alivitazama viatu. Kisha akageuka, akausoma waraka mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. "Basi bado hujafika."

"Dada, si nimesimama mbele yako?"

"Kimwili, ndiyo. Lakini kwenye semina ulitufundisha mwenyewe tusidanganyike na macho."

Mkurugenzi alikumbuka semina hiyo. Ilikuwa semina nzuri. "Basi nipe karatasi niitambue njia sasa hivi."

"Kifungu cha nne," alisema karani. "Mkurugenzi aweza kuitambua njia peke yake, kwa saini yake, akiwa kwenye kituo chake cha kazi. Kituo chako kiko kule. Na mtu ambaye hayupo akisaini hapa, huko ni kughushi."

Mama Gia, aliyekuwa ameegemea mlango, aliuliza taratibu, "Peke yake? Bila kamati?"

"Bila kamati," alisema karani.

Mkurugenzi alitafuta zulia la kutazama. Hapo palikuwa na saruji tupu.

Walirudi, na kwenye kona kali Mkurugenzi alisukuma tena. Saa sita kasoro dakika ishirini alisaini Waraka Namba Nane, unaoitambua njia kuanzia dakika utakapogongwa mhuri ng'ambo, pamoja na wote waliokwisha kuivuka hadi shuleni. Aya hiyo ya shule ilitamkwa na Mama Gia, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wageni na ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Twende," alisema Mkurugenzi akichukua koti. "Saa saba nitaiwahi."

"Tukivuka wote," alisema Mama Gia, "utakuwa umevuka kabla ya mhuri. Utahesabiwa bado uko huku."

Mkurugenzi aliipitia hoja hiyo kutoka kila upande. Haikuwa na tundu hata moja. Aliitambua kuwa ni yake. "Basi ukishagongesha mhuri, unirudie."

"Nitarudi mtihani ukiisha."

Kijiweni hapakuwa na pikipiki nyingine. Zote zilikuwa ng'ambo, ambako hazikuwepo.

Saa sita na dakika ishirini mhuri uligongwa. Saa nane kamili binti aliitwa jina, akajibu yupo, na mwalimu mkuu akaandika yupo. Mama Gia alikaa nje getini, kofia magotini, hadi saa kumi.

Mkurugenzi alikaa dirishani na suti yake. Jioni alimpigia simu karani kuuliza daftari la kikao limeandikwa nini mbele ya jina lake.

"Bado yuko upande alikotoka," alisoma karani. "Tumehakikisha, mheshimiwa. Safari hii ni kweli."