Vanne ya Hewa Bora na Mulango ya Mama Wivine

Excellence mwenye tulialika na hakufika, Excellence mwenye kumuwakilisha mwenye na yeye hakufika, bakubwa ba quartier yetu ya Hewa Bora, ba révérend, ba mama ba soko, ba papa ba retraite ba reli, vijana benye diplome na benye kungojea kazi, na wewe mama mwenye unainua mukono hapo mbele toka asubui: mimi, Ingénieur Zéphirin Katongo, Président wa Commission Technique ya Vanne ya Hewa Bora, na tena Vice-Président wa ile commission yenye kuchunga hii commission, minabasalimia bote, kila muntu na cheo yake, na benye habana cheo minabasalimia vilevile, bure! (Makofi. Fanfare ya tarumbeta inaanza kupiga mbele ya wakati, banainyamazisha.)

Kila mwaka mvula ikinyesha, mayi inajaa mu mufereji mukubwa, inapanda mu barabara, inaingia mu nyumba zenu bila kupiga hodi. Musimu yenye ilipita, Mama Wivine huyu, mwenye kuuzisha samaki ya kukausha ya Kilwa, aliona samaki yake inaogelea tena! (Kicheko. Mama Wivine hacheki.) Ndiyo maana tulisema: ça suffit, inatosha! Pa mwisho ya mufereji tutaweka vanne, ni kusema mulango mukubwa ya chuma, yenye kuzunguka ku charnière zake, zile bawaba, na vérin hydraulique, ule mukono ya chuma yenye kusukumwa na mafuta, itaifungua: mayi inaenda zake, munalala usingizi. (Makofi. Mama Wivine: «Papa Président, mawingu inakuya! Murudishe mulango yangu!»)

Mama, pole pole. Kwa benye habajui: leo asubui commission iling'oa mulango ya nyumba ya huyu mama, tukaipaka rangi, na ndiyo ile inasimama hapa ku estrade, pa hii jukwaa, na ruban, ule utepe ya kukata, kwa démonstration. Hiyo inaitwa contribution citoyenne, muchango ya raia.

Sasa tuingie mu science. Ule mukono inapashwa kurefuka namna gani ili mulango izunguke yote? Ile kurefuka tunaita course. Unapima toka pale vérin inafungwa ku ukuta mpaka pale inashika mulango, kwanza mulango ikiwa imefungwa, kisha ikiwa wazi. Unatoa ndogo mu kubwa, na ile inabakia ndiyo course. Munasikia sawa ni hesabu ya mutoto? Hapana! Commission ilifanya atelier, séminaire, na mafungo ya kufikiri kule Kipushi, na mbuzi ya kuchoma, sababu akili haitumike na njaa. Kwanza tulishika mulango mbali na charnière: course ikakuwa murefu, na vérin murefu ni bei kali. Tukasogea karibu: course ikapunguka quarante pour cent, arobaini ku mia. (Oooh!) Tukasogea tena: quatre-vingts pour cent, makumi munane ku mia! Ndipo mimi mwenyewe, na hii kichwa Mungu alinipa bila kubania, nikasema: basi tufunge vérin palepale juu ya charnière! Course: zéro! Économie: cent pour cent, mia ku mia! (Papa moja: «Na mulango itazunguka?»)

Papa Sylvain, mutumishi wa zamani wa reli, aksanti kwa ulizo. Haitazunguka. Lakini haitaharibika! Haitakunywa mafuta! Mwizi hataiona! (Makofi ya bakubwa tu.) Na kwa kuwa vérin haitembee, commission ikajiuliza: kuinunua ni ya nini? Na vanne yenye haizunguke, si ni ukuta tu? Ukuta iko mingi hapa Hewa Bora.

(Matone ya kwanza. Bakubwa banafungua miavuli. Mama Wivine anapanda ku estrade: «Papa, bana bangu bako mu nyumba wazi! Mutoto wangu Bénie iko na homa, analala chini! Ile mulango na mifuko ya muchanga ndiyo inazuiyaka mayi! Hakuna kingine!»)

Munasikia? Mama mwenyewe anashuhudia: teknolojia yetu inazuia mayi! Minaomba makofi! (Hakuna makofi.) Basi, pamoja na mimi: Vanne! (Fanfare: «Oyé!») Vérin! («Oyé!») Course! (Papa Sylvain: «Zéro!»)

Namaliza. Aksanti kwa bafundi kwa ile vanne habakuitengeneza, aksanti kwa commission kwa ile vérin haikukuya, na aksanti zaidi kwa Mama Wivine, maana bila mulango yake, leo hatungekuwa na kitu cha kukatia ruban. Mama, acha kulia, mulango yako haitalowa. Chauffeur amekwisha kuipandisha mu camion, chini ya turubai.

Kesho tunaizindua Kipushi.