Yah: Ombi la Bibi Yangu Kusajiliwa Kama Kifaa cha Kupimia Udongo

Namswea, Mbinga.

Kwa Meneja wa Ushirika wa Kahawa,

Shikamoo. Kabla ya malalamiko, nakiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata padri kwenye kitubio: nakionea wivu kifaa chenu cha kupima unyevu, kile mlichokifukia kwenye kahawa za bibi yangu, Notburga.

1. Kifaa kina mtandao, sisi hatuna. Bonde letu halishiki simu. Ukitaka kuongea lazima upande kilima hadi penye msalaba. Lakini kifaa, tena kikiwa ndani ya udongo, kinasikika Mbinga mjini kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Bibi alipoelezwa alisema, "Kwa hiyo hicho kijiti kinasikika, mimi niliyezaa sisikiki?"

2. Fundi wenu, kaka Othmar, alinieleza kwamba kinapenya mabonde kwa sababu kinasema maneno machache, polepole, kisha kinalala. Ndiyo maana betri yake itadumu miaka kumi. Meneja, mimi niko kidato cha tatu na kwenye ripoti zangu walimu wameandika "haongei darasani" mara tano mfululizo. Kwa sayansi hiyo nilipaswa kusikika hadi Songea.

3. Ujumbe wa kifaa huenda kwa baba mdogo Benno, aliyeko Ngumbo, ziwani, kwa kuwa simu yake ndiyo inayopatikana. Kila asubuhi anasoma: "Shamba la Notburga: hali nzuri." Basi anaamini amepata habari za nyumbani. Tangu Pasaka goti la Bibi halipandi kilima, na tangu Pasaka hajasikia sauti ya mwanawe. Kahawa zinaulizwa hali kila siku. Bibi haulizwi.

4. Kifaa hakijawahi kumwamkia.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, Bibi asajiliwe kama kifaa. Hahitaji betri, uji unatosha. Yuko tayari kukaa kwenye kahawa tangu alfajiri, hata kufukiwa hadi magotini kama utaratibu unadai. Maneno ameshayapunguza, yamebaki mawili: "Benno, njoo." Ikishindikana, king'oeni kifaa ili wote tuwe kimya sawasawa.

Nisalimie wote ofisini, hasa yule dada wa mapokezi aliyenipa kiti nikashindwa kumweleza nilichofuata.

Mjukuu wa mwanachama wenu,
Hilaria

N.B. Tafadhali kifaa kisiguswe. Barua hii niliimaliza Jumapili, nikaogopa kuileta. Jumatatu jioni nilimwaga ndoo nne za maji pale kilipofukiwa. Jumanne asubuhi baba mdogo akasoma kwamba shamba limejaa maji, mwezi wa nane, wakati hata vumbi letu lina kiu. Saa nane mchana alishuka kwenye bodaboda akiuliza ni bomba gani limepasuka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Akamjibu, "Ni mimi. Kaa hapa."

Baba mdogo akavua kofia. "Shikamoo, mama."

Wakaanza kuongea, na leo Alhamisi bado hawajamaliza. Mimi niliosha ndoo, nikairudisha jikoni, nikaongeza maji ya ugali, maana tumekuwa watatu.